Koleo na Yai Viza

Jina la Koleo alipewa na wanafunzi wa uuguzi, na hawakumpa kwa mapenzi. Walisema akikushika hakuachii mpaka kitu kitoke, ama mtoto, ama machozi. Alikuwa mkunga kwa miaka ishirini na sita katika wodi moja ya wazazi, mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye vidole vinene vilivyoijua kazi kuliko wengi walioiandikia vitabu. Akiweka kiganja juu ya tumbo la mzazi alikwambia mtoto kakaa vipi, kageukia wapi, na kama atatoka kabla ya chai au baada ya chai. Alikosea kwa nadra. Wazazi walimpenda kwa hilo. Wanafunzi walimwogopa kwa mengine yote.

"Wewe," angemwambia binti wa watu mbele ya wodi nzima, "mikono hiyo Mungu alikupa ya kushikia simu tu?"

Imani yake ilikuwa moja: mkunga hafundishwi, anachongwa. Yeye mwenyewe aliyemfundisha alikuwa akimgonga vifundo vya vidole kwa mkasi wa chuma, na leo vidole vile vile vilikuwa vikisifiwa. Kwa hiyo aligonga na yeye. Hakutumia mkasi, maana zama zimebadilika. Alitumia ulimi.

Alipofika umri wa miaka arobaini na tisa, ukaja waraka. Wodi haitaongozwa tena na mtu asiye na shahada. Koleo alikuwa na cheti kilichopauka, kimetundikwa kwa msumari juu ya meza, na wodi alikuwa akiiongoza mwaka wa tisa huo bila ya jina la uongozi. Metroni, mkuu wa wauguzi wote wa hospitali, akamwita ofisini.

"Nenda kasome, dada yangu. Miaka miwili tu. Nafasi nakushikia."

"Nikasome nini? Wanaozaa wamebadilisha njia?"

"Njia ni ile ile. Karatasi ndiyo imebadilika."

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani karibu na mlango, ili asipitwe na mteja wala umbea. Alipoambiwa habari ile alitoa pini mdomoni, akacheka mpaka futi ya kupimia ikamdondoka shingoni.

"Kwa hiyo sasa nina mke anayekwenda shule. Nikushonee sare?"

"Jishonee mdomo wako kwanza."

Lakini alimshonea mkoba wa madaftari, wenye mfuko wa pembeni wa miwani, na siku ya kwanza akamsindikiza mpaka barabarani. Watoto wao watatu walikuwa wameshaoa na kuolewa, nyumba ina nafasi, na Koleo, ingawa hakukiri kwa mtu, alikuwa na hamu. Mikono yake ilijua kufanya, ila hakuwahi kuelezwa kwa nini. Kwa nini mzazi huyu damu inakata na yule inaendelea kama bomba bovu? Kwa nini mtoto mmoja anageuka vizuri na ndugu yake anagoma? Miaka ishirini na sita maswali yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alidhani chuo kikuu ndiko yanakowekwa majibu.

Alipoingia darasani, vijana zaidi ya sitini wakasimama.

"Habari za asubuhi, mwalimu!"

Koleo akageuka kutazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Akaenda akakaa kiti cha mbele, akatoa daftari. Kicheko kikaanza safu ya mwisho, kikaja kikitambaa mpaka kikamfikia mgongoni.

"Kumbe ni mwenzetu!" alisema mwenyekiti wa darasa, kijana mwembamba mwenye sauti ya mnadani. "Karibu, bibi. Ukisahau meno nyumbani tutakutafunia."

Koleo alikuwa na jibu, tena kali, lakini mlango ukafunguliwa na mhadhiri akaingia. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, suti ya kijivu, kompyuta kaikumbatia kifuani kama ngao. Uso wake haukumkumbusha Koleo mtu. Kilichomkumbusha ni namna alivyofuta viganja kwenye sketi kabla ya kushika kitu chochote.

Yai Viza, akasema moyoni. Makubwa haya.

Miaka kumi na miwili nyuma, binti huyu aliletwa wodini kwa mazoezi. Alikuwa mwepesi wa kusoma na mzito wa kushika, na viganja vyake vilitoa jasho. Siku ya nne aliona damu ikimwagika kitandani, akaanguka chini na sinia la vyombo. Koleo hakumgusa. Alimaliza kumhudumia mzazi, akaosha mikono taratibu, ndipo akachukua ndoo ya maji ya kudekia na kummwagia. Akawaita wanafunzi wenzake, na ndugu waliokuja kutazama wagonjwa wao nao wakasogea.

"Mtazameni," alisema. "Huyu ni yai viza. Kwa nje zima. Ukilipasua, wodi nzima inanuka."

Kisha akampa dekio. Kuanzia siku ile hakumwita kwa jina jingine. Yai Viza, lete maji. Yai Viza, pisha watu wafanye kazi. Kila mwanafunzi alikuwa na kitabu cha mazoezi, na ili afuzu alitakiwa azalishe wazazi kumi, kila mmoja mkunga amtilie sahihi. Cha Yai Viza Koleo alikirudisha kitupu. Binti akavumilia wiki mbili, wiki ya tatu hakuonekana. Koleo alisema, "Alhamdulillahi, wodi imepumua," akaendelea na shughuli zake. Hakumfikiria tena, mpaka asubuhi ile.

Mhadhiri alisoma orodha ya majina. Alipofika la Koleo sauti haikutetemeka wala jicho halikuinuka. Akaendelea na linalofuata.

Basi masomo yakaanza, kama yalistahili kuitwa masomo. Mhadhiri alirusha maandishi ukutani kwa projekta na kuyasoma neno kwa neno, kaligeuzia darasa mgongo. Umeme ukikatika, na somo limekatika. Maandishi yenyewe yalikuwa ya zamani, na penye kosa la tahajia alilisoma na kosa lake. Koleo alinyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Kichwa kikishatoka, mabega yakakwama, mtu anaanza na nini?"

"Hilo liko muhula ujao."

Muhula uliofuata akauliza tena.

"Hilo mlitakiwa mlijue muhula uliopita."

Darasa likacheka. Mhadhiri hakucheka, alibonyeza kitufe, likaja ukurasa mwingine.

Chumba cha vitendo kilikuwa na mwanasesere mmoja, mama wa plastiki asiye na miguu, tumbo lake limezibwa kwa kiraka cha mpira wa baiskeli. Glovu zilifuliwa na kuanikwa dirishani. Wanafunzi sitini na kitu, kila mmoja dakika nne kwa mwezi. Wodini hawakupelekwa, kila wiki waliambiwa barua inashughulikiwa. Koleo aliwaona mabinti wenye vidole vizuri, virefu, vya kazi, wakinakili kwa kalamu nyekundu na ya bluu maelezo ya namna ya kusikiliza moyo wa mtoto, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuusikia.

Siku moja, maktabani, katika kitabu kikuukuu chenye kurasa zilizonyofolewa, alikuta jibu la swali lake moja. Kumbe nyama ya mji wa mimba imesukwa kama mafundo, na mtoto akishatoka mafundo yanajikaza na kuibana mishipa. Mji uliochoka haukazi, ndiyo maana damu haikati. Ndiyo maana na mikono yake, bila kuambiwa, ilikuwa ikikanda tumbo! Alikaa pale na kidole juu ya mstari ule, furaha imempanda mpaka masikioni. Hakuwa na wa kumwambia. Akamkimbilia mhadhiri koridoni, kitabu mkononi, akasahau uzee na uadui.

Mhadhiri alitazama kitabu, akamtazama yeye.

"Haimo kwenye mtihani," alisema, akapita.

Mtihani wa vitendo ulifanywa mbele ya darasa zima. Koleo aliposogelea mwanasesere, mikono yake ilifanya ilichozoea. Dakika tatu hazijaisha, mtoto wa plastiki keshatoka, kafutwa, kafunikwa, kondo la nyuma limekaguliwa. Hata mwenyekiti wa darasa alipiga mluzi. Mhadhiri aliandika kwenye karatasi yake muda mrefu.

"Thelathini na moja kwa mia," alisema. "Umefeli."

"Kwa lipi?"

"Hukumsalimia mgonjwa. Hukumtajia jina lako. Hukumwomba ruhusa. Kila hatua unatakiwa umweleze kwa sauti unachofanya."

"Mgonjwa ni plastiki, mwalimu."

Vicheko. Mhadhiri alingoja vikaisha, akafuta viganja kwenye sketi.

"Ndivyo unavyowaona, eti? Wote plastiki. Waliolala na waliosimama." Kisha, taratibu, kwa sauti ambayo Koleo aliitambua maana ilikuwa yake mwenyewe, akaongeza, "Mikono hiyo uliletewa ya kuchotea ugoro? Kakae."

Alikaa. Masikio yalimwaka moto. Nyuma yake mtu alisema, "Bibi kachapwa," na mwingine akaguna kwa raha.

Jioni alimfuata ofisini. Kilikuwa chumba chembamba chenye kabati moja na dirisha linalotazama ukuta. Mhadhiri hakumkaribisha kiti.

"Unanikomoa," alisema Koleo.

"Nakusahihisha."

"Kama ni la siku ile, basi sema. Nilikuwa mkali, sikatai. Lakini mimi nililipa karo nije kufundishwa, na hapa hafundishwi mtu. Unatusomea ukuta! Hao watoto watatoka hapa na shahada, waje kuua."

Mhadhiri aliweka kalamu chini.

"Unataka kujua kwa nini nasoma ukuta? Kwa sababu sijawahi kuzalisha. Hata mmoja. Kile kitabu changu ulikirudisha kitupu, nikakipeleka hivyo hivyo chuoni, wakanihamishia kozi ya nadharia. Nikasoma, nikasoma tena, nikapanda. Walipokosa mwalimu wa ukunga wakatazama vyeti, changu kikawa kirefu kuliko vyote. Nani angenikatalia? Kila nikiingia wodini miguu inakufa ganzi, nakuona umeshika ndoo." Akafunga kompyuta. "Kwa hiyo ukiuliza kwa nini somo ni bovu, muulize aliyenifundisha."

Hapo palikuwa na neno la kusema, na Koleo alilijua. Ni neno fupi, mtoto wa miaka miwili analiweza. Lilifika ulimini likakuta mlango umefungwa.

"Ungerudi kesho yake," alisema. "Wenzako walirudi."

"Toka ofisini kwangu."

Nyumbani alimsimulia mumewe, nusu. Ya alama alisema yote, ya ndoo aliyapunguza. Fundi akaendesha cherehani huku akisikiliza.

"Acha, basi. Rudi wodini ukamalizie miaka yako. Uongozi si mkate."

"Niache, anicheke?"

"Basi vumilia. Salimia plastiki, ujibiwe na karatasi."

Akavumilia, lakini kwa namna yake. Alikariri ukuta na makosa yake. Alirudia mtihani, akamsalimia mwanasesere, akamuulizia watoto, akamwomba ruhusa kwa sauti ya unyenyekevu iliyowavunja mbavu wenzake, akapata themanini na nane. Swali darasani hakuuliza tena. Na kwa kuwa mdomo wake haukuzoea kukaa bure, akaupa kazi nyingine. Wakati wa mapumziko, chini ya paa la bati walikonunua chai, alianza kuwasimulia vijana. Juu ya binti mmoja aliyeanguka na sinia. Juu ya ndoo. Juu ya jina.

Alikuwa msimulizi mzuri kupindukia. Aliigiza miguu ilivyokunjika, aliigiza jasho la viganja. Vijana walicheka wakamwagikiwa na chai. Sasa hawakumwita bibi. Walimwita "Mkuu", wakampisha foleni. Wiki haikupita jina likaenea. Mhadhiri akiingia, mtu hukohoa, "Yai." Akigeukia ukuta, mwingine hujibu, "Viza." Alisoma, shingo imekakamaa.

Jumatatu moja mhadhiri alivuta droo ya meza ya darasani kuchukua chaki. Ndani palikuwa na yai, na mtu alikuwa amelipasua tangu Ijumaa. Harufu ilifika mpaka kwa Koleo, kiti cha mbele. Mhadhiri alisimama na mkono ndani ya droo, umelowa. Hakulia. Alikuwa na uso ule ule wa siku ile sakafuni, maji yanamchuruzika, anatafuta mtu mmoja tu katika watu wote ambaye hacheki.

Macho yake yakatua kwa Koleo, na Koleo alikuwa anacheka.

Yai hakuliweka yeye. Liliwekwa na mwenyekiti wa darasa. Lakini kuku alikuwa yeye, na alijua. Siku ile alitembea mpaka nyumbani kifua mbele, anajisikia mtamu kama aliyelipwa deni, na alipofika mlangoni utamu ulikuwa umeshaisha, pamebaki uchachu. Alimkaripia mumewe kwa sababu ya vipande vya nyuzi sakafuni.

Mwaka wa pili, barua ikajibiwa. Darasa lingepelekwa wodini kwa makundi ya watu kumi, pamoja na mhadhiri wao. Hospitali ilikuwa ile ile ya Koleo.

Aliingia wodini kwake akiwa na beji ya mwanafunzi kifuani. Wahudumu wa usafi walimkumbatia, wakamtania. Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi, na mkunga wa zamu alikuwa ameingia chumba cha upasuaji na mzazi mwingine. Kitanda cha tatu alilala mwanamke wa uzao wa pili, mkubwa wa umbo, uchungu umekolea. Koleo alimtupia jicho tu, tumbo lile, akajua: mtoto mkubwa huyu, na mabega yake yatasumbua.

Mhadhiri alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kitandani, kompyuta haipo, mikono haina pa kukaa. Wanafunzi tisa walimtazama. Mmoja alikohoa, "Yai."

Angeweza kungoja mkunga wa zamu arudi. Angeweza kumwambia Koleo, shika wewe, unajua. Pengine alikuwa anafungua kinywa aseme hivyo. Lakini Koleo alimtangulia, kwa sauti laini ya mtihani wa marudio.

"Mwalimu atuonyeshe. Tumesoma picha mwaka mzima."

"Tuonyeshe, mwalimu!" wakaitikia wenzake.

Mhadhiri alivaa glovu. Ya kushoto iligoma kuingia kwa jasho. Alimsalimia mgonjwa, akamtajia jina lake, akamwomba ruhusa, kila kitu kwa mpango. Mwanamke alijibu kwa kuguna. Dakika chache kichwa kikatoka, na wanafunzi wakashangilia, na usoni kwa mhadhiri kukapita kitu ambacho Koleo hakutaka kukiona, nuru ya mtoto aliyetembea hatua ya kwanza. Halafu kichwa kile kikarudi nyuma, kikajibana katikati ya mapaja kama cha kobe, mashavu yakavimba.

Mabega yamekwama.

Koleo alijua la kufanya kama ajuavyo kufunga kanga. Mzazi alazwe chali, magoti yabanwe kifuani, mtu abonyeze juu ya kinena, na kichwa kisivutwe. Popote pale, kwa hali yoyote, kichwa kisivutwe. Alisimama hatua tatu tu kutoka kitandani. Hatua tatu si safari.

Hakwenda.

Alitaka aombwe. Ni hilo tu. Alitaka yule mwanamke ageuke, mbele ya wote, aseme nisaidie. Akaanza kuhesabu kimoyomoyo, kama anavyohesabu mkunga yeyote saa ya hatari. Moja, mbili, tatu. Mhadhiri aliangalia huku na huku, midomo inatafuta ukurasa. Kumi na tano. Uso wa mtoto ulikuwa unageuka rangi ya zambarau. Ishirini. Mhadhiri alishika kichwa kwa mikono miwili, akavuta. Koleo aliona, akakaza meno. Hiyo mara ya kwanza, akasema moyoni, sasa ataomba. Thelathini. Mhadhiri akavuta tena, kwa nguvu za woga, akakipinda upande, na Koleo, ndani ya vidole vyake mwenyewe, mbali, alisikia kana kwamba yeye ndiye aliyeshika, kitu kikiachia.

Ndipo akaruka. Alimsukuma mhadhiri kwa bega mpaka akagonga kabati. "Magoti! Shika magoti, wewe! Na wewe, bonyeza hapa, kwa kiganja, kaza!" Mkono wake ukaingia, ukalikuta bega, ukalisukuma kidogo, na mtoto akatoka mwili wote kwa mkupuo, mkubwa, wa kiume, mlegevu. Akamfuta, akampulizia, akamsugua mgongo. Mtoto akalia. Wodi nzima ikapiga makofi.

Mkono wa kushoto wa mtoto ulitupa ngumi hewani. Wa kulia ulilala ubavuni kama mkono wa shati.

Mzazi alikuwa analia na kucheka. "Mungu akulipe, mama. Mungu akulipe. Ningempoteza mwanangu mikononi mwa yule." Koleo alimfunika mtoto haraka, mkono ule ukiwa ndani ya kitambaa.

Mhadhiri alikuwa bado kwenye kabati. Hakuanguka safari hii. Wanafunzi walipotoka, alivua glovu, akakunja moja ndani ya nyingine.

"Uliona mapema," alisema.

"Sikuona."

"Uliona. Nilikuwa nakutazama. Wakati navuta nilikuwa nakutazama wewe."

"Nimesema sikuona."

Ripoti aliiandika mhadhiri mwenyewe, siku ile ile, kwa mkono. Alieleza kwamba yeye ndiye aliyevuta kichwa, mara mbili, kinyume cha utaratibu, na kwamba mwanafunzi mwenye uzoefu aliokoa maisha. Muda uliopita tangu kichwa kutoka mpaka mwanafunzi huyo kusaidia aliuacha wazi. Chini palikuwa na nafasi ya shahidi. Koleo alisoma mstari kwa mstari, akitafuta jina lake mahali pabaya, hakulikuta. Akatia sahihi.

Nyumbani alikaa barazani, mkoba magotini. Fundi alikuwa anapinda suruali. Alimwambia yote, hili hakulipunguza, kwa kuwa lilikuwa zito mno kubeba peke yake.

"Nilikuwa nahesabu," alimaliza.

Cherehani ikasimama. "Ulihesabu mpaka ngapi?"

"Thelathini na kitu. Arobaini labda."

Mumewe alitazama suruali ile muda mrefu. Akasogeza kitambaa chini ya sindano, akaanza tena kushona, taratibu kuliko kawaida. Utani wa mwanafunzi na sare ulikoma siku ile. Hakumgombeza, wala hakumuuliza tena habari za chuo mpaka alipohitimu.

Mhadhiri aliacha kazi kabla ya muhula kwisha. Wengine walisema kahamia mji mwingine, wengine kwamba anauza vifaa vya ofisi, hakuna aliyefuatilia. Aliyekuja badala yake alikuwa mzee mwenye haraka, alisoma ukuta ule ule, na makosa yale yale, ila kwa kasi zaidi. Koleo alinukuu, akakariri, akafaulu. Siku ya mahafali vijana walimbeba juu juu wakiimba "Mkuu! Mkuu!", na mwenyekiti wa darasa akapiga naye picha. Yale maswali yake ya kwa nini, ukiacha lile moja la maktaba, alitoka nayo kama alivyoingia nayo.

Metroni alitimiza ahadi. Koleo akakabidhiwa ofisi, ufunguo, na kiti chenye magurudumu. Habari za kitanda cha tatu zilikuwa zimemtangulia. Wauguzi wapya walizisimulia kama ngano. Wanafunzi wa mazoezi walipoletwa, waliingia wakitetemeka, wakakuta mwanamke asiyesema sana. Akikosea mtu, alimtazama tu, akashika kazi mwenyewe, akamaliza, akaondoka. Walisema kapoa kwa shahada. Zamani hawakujifunza kitu kwake kwa kumwogopa, na sasa hawakujifunza kitu kwake kwa ukimya.

Mwaka ulikuwa umepita tangu apewe ofisi, alipobishiwa hodi na mwanamke mkubwa wa umbo, amemshika mtoto wa kiume wa miaka miwili na ushee.

"Hunikumbuki, mama? Mimi ni yule wa kitanda cha tatu! Tunakuja hapa kwa mazoezi ya mkono, kule kwa mtaalamu wa viungo. Wanasema wa kulia hautarudi sawasawa, ila kuna afadhali, sasa anaweza kushikia kikombe akisaidiwa. Kila siku najiambia nikamwonyeshe yule mama aliyemwokoa." Akamsukuma mtoto mbele. "Haya, msalimie bibi. Bila huyu wewe usingekuwepo."

Mtoto alikuwa na macho makubwa yasiyo na haya. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja ndani, kiganja kimetazama nyuma, mwembamba kuliko mwenzake. Alinyoosha wa kushoto.

Koleo aliupokea. Ulikuwa na joto, na ulikaza.

"Huwa mnakuja siku gani?" aliuliza.

"Alhamisi, mama. Kila Alhamisi, asubuhi. Tutakuwa tunapitia kukusalimu."

"Karibuni," alisema Koleo.

Walipotoka alivuta ratiba ya zamu ya wodi, akatafuta jina lake, na akajipangia mapumziko yake ya kila wiki yawe Alhamisi.